Barabara ya Kusini (Dar–Kibiti–Lindi–Mtwara): tuisome kwa mito yake

#1 Kijana wa Mavuji

Wadau, salaam. Wenye umri mkubwa humu, shikamooni.

Kila masika jukwaa hili hujaa nyuzi za "Kusini kumekatika tena". Watu wanatupia picha za lami iliyoning'inia hewani, wanatukana wiki mbili, jua linatoka, tunasahau. Sasa ni kiangazi, vumbi tupu, hakuna aliyekwama popote. Nimeona tuizungumze barabara hii kwa utulivu: inapita wapi, imetokana na nini, na kwa nini mtu wa Mtwara alisubiri zaidi ya miaka hamsini ya uhuru ndipo akafika Dar kwa lami mwanzo hadi mwisho.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha aanze kunoa. Barabara hii ukihesabu miji hutaielewa, maana miji ni midogo na imetawanyika. Hesabu mito. Rufiji, Matandu, Mavuji, Mbwemkuru, Lukuledi. Yote inatoka bara kwenda Bahari ya Hindi, na barabara inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo lazima iikate yote mmoja mmoja. Hakuna pa kuzungukia.

Tuanze safari. Mjini Dar inaitwa Kilwa Road: Mtoni, Mbagala, Rangi Tatu, Kongowe. Ukifika Vikindu umeshaingia Mkoa wa Pwani. Mbele ni Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, halafu Kibiti, kama kilometa 140 kutoka mjini. Kwenye ramani za zamani utaiona imeandikwa B2. Kipande hiki ni cha mikorosho, minazi, mihogo na mafungu ya machungwa kando ya lami. Hakina makuu. Abiria wengi wanalala.

Wanaamka Ikwiriri, na ni sawa waamke, maana hapo mbele ndipo Kusini ilipokuwa inaanzia kwa maana ya kweli ya neno hilo. Naweka koma, nakuja na Rufiji.

#2 Tumbaku Mbichi

Nipo siti ya mbele, dirishani. Endelea mkuu.

#3 Kijana wa Mavuji

Rufiji.

Bonde la mto huu ndilo kubwa kuliko yote Tanzania, karibu kilometa za mraba 177,000. Maji ya Kilombero, ya Luwegu, ya Ruaha Mkuu anayetoka huko Mbeya na Iringa, yote yanakuja kupita hapo kati ya Ikwiriri na Ndundu. Mvua inaweza isinyeshe Ikwiriri hata tone na mto ukajaa, kwa sababu imenyesha Ifakara.

Wenyeji, Wandengereko na Warufiji, waliishi na mafuriko hayo na kuyalimia. Maji yakipungua yanaacha rutuba, wanapanda mpunga na mahindi ya mlao. Ndiyo maana walikaa bondeni, kila familia na shamba lake. Mafuriko ya 1968 yalipokuja makubwa, serikali ikafanya Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya sehemu za juu. Wengi wanadhani vijiji vya ujamaa vilianza kwa nguvu huko Dodoma na Kigoma miaka ya 1970. Rufiji walitangulia.

Sasa barabara. Hadi mwaka 2003 hapakuwa na daraja. Palikuwa na pantoni. Magari yote ya Lindi, Mtwara, Kilwa, Masasi, Nachingwea yalivuka kwa chombo kimoja, na mto ukijaa chombo kinasimama. Masika marefu yale ya El Niño ya 1997/98 Kusini ilikuwa kisiwa. Aliyekuwa na lazima alizunguka: Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, Songea, halafu Tunduru hadi Masasi. Na hiyo Songea–Tunduru ya wakati ule, waulizeni waliopita.

Daraja likafunguliwa Agosti 2003, urefu wake mita 970 hivi, fedha zikiwa za serikali pamoja na mikopo ya mfuko wa Kuwait na ule wa OPEC. Likaitwa Daraja la Mkapa, na Rais Mkapa ndiye aliyelifungua. Watu walinong'ona kwamba amewakumbuka kwao, maana ni mtu wa Lupaso, Masasi. Mimi nasema hata kama ndivyo, kuna mtu alipaswa kukumbuka mapema zaidi.

Na hapa ndipo penye kichekesho chetu. Daraja limeisha, lami ya Kibiti hadi mtoni ipo, na upande wa chini lami ya kutoka Somanga kwenda Lindi nayo ikaja. Katikati kikabaki kipande cha Ndundu–Somanga, kilometa 60. Kilometa 60 tu kati ya 560! Zilichukua zaidi ya miaka kumi baada ya daraja. Basi linaondoka Dar alfajiri likiteleza, linafika Ndundu linaingia matopeni hadi kiunoni, na daraja la mita 970 liko pale nyuma linang'aa.

#4 Utingo Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri, ngoja nikuongezee nilichokiona kwa macho, maana nimekula vumbi la njia hiyo kuanzia enzi za malori ya mabodi ya mbao.

Pantoni halikuwa la kuvukia tu, lilikuwa mji. Kukiwa na foleni utakuta mama ntilie wa wali na perege, kambale wa kubanika, wauza mikeka, mpaka kinyozi. Madereva tulikuwa tunajuana kwa majina ya magari. Ukifika usiku huvuki, unatandika chini ya bodi. Mbu wa Rufiji sina haja ya kuwasimulia.

Lakini tusidanganyane, taabu haikuwa pantoni. Pantoni unajua litavuka, leo au kesho. Taabu ilikuwa Muhoro na Nyamwage. Udongo ule mweusi ukilowa, tairi linabeba udongo mpaka linakuwa duara moja na madigadi. Tulikuwa na mbao, majembe, mnyororo na jeki mbili. Kazi ya utingo ni kukimbia nyuma ya gari na zile mbao. Gari likikanyaga mbao, unazichomoa, unakimbia kuzitanguliza tena. Abiria wanashuka wanasukuma, mpaka walimu na maofisa wa serikali wenye suti. Matope hayajui cheo.

Na wenyeji walikuwa wanafanya biashara ya kuvuta magari. Kuna vijana ukiwaona na majembe asubuhi unajua wamelichimba wenyewe hilo shimo usiku. Siwalaumu sana, ndiyo ilikuwa ajira.

#5 Mangi wa Kibosho

Samahani wanajukwaa, mimi wa Kaskazini. Kwani bahari si ipo pale pale? Kwa nini msipande meli mkaachana na matope?

#6 Bintiye Mikindani

Kaka Mangi, tulipanda. Waulize waliosoma sekondari Dar miaka ya 1990 kuhusu Canadian Spirit. Dar hadi Mtwara usiku kucha na zaidi, ukiwa na bahati unapata pa kulaza kichwa juu ya gunia. Wengine walitapika kuanzia Mafia mpaka gatini. Lakini meli haina ratiba ya msiba. Ukipigiwa simu mama amefariki, huwezi kusubiri meli ya wiki ijayo. Wengi hatukuzika wazazi wetu kwa sababu ya ule mto.

Bandari yenyewe ya Mtwara ni ya kina kirefu na ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga, ikafunguliwa 1954 wakati mpango wa karanga umeshakufa. Naona mwenye uzi atafika huko, nisimmalizie uhondo.

#7 Kijana wa Mavuji

Shikamoo mzee Utingo, asante. Bintiye Mikindani, pole dada.

Tuvuke. Ukitoka darajani ni Ndundu, halafu Nyamwage (hapo ndipo inapochepuka njia ya Utete, makao ya Wilaya ya Rufiji), Muhoro, unaingia Mkoa wa Lindi, unatokea Somanga ufukweni. Hapo basi linasimama, abiria wanashuka kununua samaki na pweza wa kukaanga. Anayepita Somanga bila kununua kitu ana roho ngumu.

Hizi kilometa sitini tunazolalamikia matope yake ndizo ilipowakia Vita vya Majimaji. Kushoto kwako bahari, kulia kwako Milima ya Matumbi. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya shamba la kulazimishwa, ikawa ishara ya vita. Wamatumbi wakashuka pwani wakauchoma mji mdogo wa Samanga, ndio Somanga hii ya samaki. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji, Wajerumani walimnyonga Muhoro tarehe 4 Agosti 1905. Ni Muhoro hii hii ambayo mzee Utingo alikuwa anatanguliza mbao.

Kutoka Somanga unapita Tingi na Njia Nne, panapochepuka njia ya kupanda Kipatimu, Umatumbini. Halafu Mto Matandu. Halafu Nangurukuru, njia panda. Kushoto Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Kulia Liwale, kilometa 230 za kumtafuta Mungu.

Kivinje ndiyo ilikuwa mwisho wa barabara ya kale kuliko zote huku: njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, Wayao wakileta pembe na watumwa, karne ya 19. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani, na Mwembe Kinyonga jina lake linajieleza. Ng'ambo ya Masoko kuna Kilwa Kisiwani, magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa, urithi wa dunia tangu 1981 pamoja na Songo Mnara.

Angalieni mwelekeo. Njia ya kale ilitoka magharibi kwenda mashariki, ikifuata mito, ikaishia baharini. Hakuna aliyehitaji kwenda kaskazini kwa miguu wakati jahazi lipo. Barabara ya kuikata mito ni wazo la watawala wa Dar es Salaam.

#8 Mjukuu wa Nandete

Mkuu, uzi mzuri lakini hapa nakupinga mchana kweupe. Unaipa mito lawama za watu.

Ruvu ni mto. Wami ni mto. Vyote vilijengewa madaraja mapema kwa sababu ng'ambo yake kulikuwa na mkonge, kahawa na reli. Barabara ya kwenda Zambia ilipita Mikumi, ikapanda Kitonga, milima ambayo mbuzi anafikiria mara mbili, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na lami. Kwa nini? Kwa sababu Rhodesia ya Smith (Zimbabwe ya leo) ilijitangazia uhuru 1965, Zambia ikakosa njia ya mafuta na shaba, hata Marekani ikatoa fedha. Ilipotakiwa, mlima ulichongwa.

Kusini ilitakiwa kwa nini? Kwa watu. Babu zetu Wamatumbi, Wangindo, Wamakonde, Wamwera walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Mkoloni alitaka nguvu kazi itoke, hakutaka mazao yapite. Baada ya uhuru likaja suala la Msumbiji: Nachingwea ikawa kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, Mreno yuko ng'ambo ya Ruvuma. Eneo likawa la ulinzi. Nani anajenga uchumi kwenye uwanja wa vita? Hilo namsamehe Nyerere, alikuwa na sababu. Lakini Mreno aliondoka 1975. Kutoka 1975 hadi 2003 ni mto gani ulizuia?

Na reli je? Waingereza walileta mpango wa karanga 1947, wakajenga reli kutoka Mkwaya pale Lindi kwenda Nachingwea, baadaye ikaunganishwa na Mtwara. Karanga zikafeli, mpango ukafutwa 1951, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli ikang'olewa. Iling'olewa! Hakuna mto ulioing'oa.

#9 Kijana wa Mavuji

Mjukuu, hoja ya manamba naikubali yote. Lakini hujanitoa kwenye mto. Ukiwa na serikali isiyo na haraka na wewe, kila kizuizi kinatosha kuwa sababu, na Rufiji ni kizuizi kikubwa. Daraja la Wami la zamani lilikuwa jembamba, magari mawili hayapishani. Hapa ulihitajika karibu kilometa moja ya daraja pamoja na tuta juu ya bonde linalojaa. Gharama hizo zilimpa kila waziri wa fedha kisingizio kizuri. Tunasema kitu kimoja, wewe umeanzia ofisini na mimi nimeanzia matopeni.

#10 Mjukuu wa Nandete

Nakubali nusu. Ila ofisini ndiko matope yalikopimwa.

#11 Fundi Kalvati

Niruhusiwe kuingia kitaalamu kidogo, maana nimefanya kazi za barabara (siyo mradi huo, msinitafute).

Watu wakiona lami imekatika wanasema "lami feki". Mara nyingi lami haina kosa. Bondeni barabara hupita juu ya tuta la udongo ulioshindiliwa. Tuta hilo, upende usipende, ni bwawa. Maji yanatoka upande wa magharibi yakitafuta bahari, yanakuta ukuta. Pa kupitia ni darajani na kwenye makalvati (matundu ya kupitisha maji chini ya barabara) basi. Kama matundu ni machache, au yamezibwa na magogo na magugu, maji yanapanda upande mmoja hadi yanavuka juu ya lami. Yakishavuka, yanaanguka upande wa pili kwa kasi na kuanza kuchimba mguu wa tuta kwa chini. Udongo unaondoka, lami inabaki juu ikiwa haina kilichoishika. Ndiyo zile picha mnazotupia. Gari la kwanza kupita usiku ndilo linalolipa.

La pili ni udongo mweusi wa mbuga alioutaja mzee Utingo. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Ukijenga juu yake bila kuuondoa au kuutibu kwa chokaa, barabara inakuwa mawimbi ndani ya misimu michache. Kuuondoa maana yake kuleta kifusi kizuri kutoka mbali, na kokoto pwani hii hazipatikani kirahisi kama bara kwenye mawe magumu. Kila lori la kokoto ni fedha. Hapo ndipo mkandarasi aliyejaza zabuni kwa bei ya kujitia moyo anapoanza kutembea polepole.

La tatu, makalvati hupangwa kwa mvua zilizopita. Mhandisi anaangalia kumbukumbu, anachagua mafuriko ya kurudi baada ya miaka kadhaa, anajenga kwa hayo. Mvua zikibadilika, hesabu imeshapitwa.

#12 Tumbaku Mbichi

Fundi hapo kwenye "bwawa" umenifungua. Kwa hiyo 2024 ndicho kilichotokea?

#13 Fundi Kalvati

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwezi Aprili 2024 Rufiji yenyewe ilikuwa imeshafurika vibaya, mashamba na nyumba vimezama. Halafu tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikaingia upande wa Mafia. Upepo haukuwa hoja, mvua ndiyo iliyoua barabara. Vijito vidogo vya Kilwa ambavyo kiangazi unavuka bila kujua umevuka kitu, vilikuja na maji ambayo makalvati hayakuandaliwa kuyapokea. Somanga pakakatika, Mikereng'ende pakakatika, na sehemu nyingine kuelekea Lindi. Mabasi yakakwama pande zote, mafuta na vyakula vikapanda bei Mtwara, waziri wa ujenzi wa wakati huo, Bashungwa, akapiga kambi njiani. Wakajaza mawe, wakafungua njia za muda. Mvua za Aprili 2025 zikaja kuichukua tena njia ya muda hapo Somanga, kabla madaraja mapya hayajaisha.

Jawabu la kweli ndilo hilo walilolianza: kalvati ibomolewe, daraja lijengwe, tuta liinuliwe. Kuziba kwa kifusi ni kumkopa mto.

#14 Mwana Kibiti

Nimesoma yote hamjataja 2017. Sisi wa Kibiti tunaikumbuka hii barabara kwa vizuizi. Aprili 13 mwaka ule askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, na kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji walikuwa wanapigwa risasi mmoja mmoja majumbani kwao. Ikafika mahali jioni lami iko tupu. Bodaboda marufuku usiku, basi linasimamishwa Bungu, linasimamishwa Jaribu, kila abiria kitambulisho mkononi. Mwenye kibanda cha chai kando ya barabara alifunga saa kumi na mbili. Wengine hawakufungua tena.

Sina la zaidi. Nimeona tu historia ya barabara isiandikwe bila hilo.

#15 Kijana wa Mavuji

Mwana Kibiti, umefanya vyema kulitaja.

Nimalizie njia. Kutoka Nangurukuru unavuka Mavuji (kwetu!), unaingia pori refu hadi Mto Mbwemkuru. Hapa hakuna mji wa maana kwa muda mrefu, ni miombo, mkaa na ufuta. Upande wa kulia, ndani ndani, kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, tani zaidi ya 200, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwenda na kurudi. Yule mnyama mrefu aliyesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, shingo inagusa paa, ametoka huku. Alipita njia isiyo na lami kwa vichwa vya babu zetu, na wao majina yao hayakuandikwa chini ya mifupa.

Halafu Mchinga, halafu Lindi yenyewe, imekaa kwenye ghuba yake kama mzee aliyevaa kanzu nzuri ya zamani. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini mpaka Mtwara ilipojengwa. Kwa wanaodhani Hidaya ni jambo lisilowahi kutokea: tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kuua watu.

Unazunguka ghuba hadi Mingoyo, njia panda ya Mnazi Mmoja, kwenye bonde la Lukuledi, mto wa mwisho. Kulia ni Mtama, Ndanda, Masasi, na kutoka Masasi unaendelea Mangaka hadi Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, mita 720, walilolifungua Kikwete na Guebuza wa Msumbiji Mei 2010 ingawa Nyerere na Samora walikubaliana mwaka 1975. Miaka thelathini na mitano, Mjukuu, hapo nakupa pointi. Kushoto ni Mikindani, mji wa mawe alikoanzia Livingstone safari yake ya mwisho 1866, halafu Mtwara na bandari.

Gesi nayo ifahamike. Songo Songo iligunduliwa 1974, na bomba lake linatoka baharini hapo hapo Somanga, likaanza kupeleka gesi Ubungo mwaka 2004. Bomba la Mtwara likazinduliwa Oktoba 2015. Gesi ya Kusini ikawa na njia ya uhakika ya kwenda Dar tangu 2004, barabara bado haijakamilika lami. Waliofanya fujo Mtwara 2013 kupinga gesi kupelekwa Dar siwaungi mkono kwa kuchoma nyumba za watu, lakini hesabu yao ilikuwa inasomeka.

#16 Bintiye Mikindani

Hilo la mwisho limenigusa, acha niseme la biashara. Mimi nanunua ufuta na korosho. Lami ilipokamilika kitu cha kwanza kilichobadilika ni bei ya saruji na sabuni, ikashuka. Cha pili ni kwamba vijana wakaondoka. Zamani kwenda Dar ilikuwa safari ya kuaga, sasa unaondoka alfajiri, jioni upo Mbagala. Masoko ya Mbagala na Temeke yamejaa watoto wetu.

Korosho ndiyo ilikuwa kichekesho. Tuna bandari ya kina kirefu Mtwara, ikaongezewa gati la mita 300, lakini kwa miaka korosho za mnadani Tandahimba na Newala zilipandishwa malori kwenda bandari ya Dar, kilometa mia tano na ushee, zikiitafuna lami tuliyoililia. Mpaka serikali ilipoagiza ziondokee Mtwara. Wenye malori walinuna, mimi nilishangilia.

Na msisahau barabara ya juu: Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi, kilometa 210. Huko ndiko korosho zinakotoka, na ndiko lami ilikochelewa kuliko hii mnayoijadili. Ilianza na kilometa 50 za Mtwara hadi Mnivata, Wamakonde wa mlimani wakabaki wanahesabu zilizobaki.

#17 Mangi wa Kibosho

Nimejifunza mengi, asanteni sana. Sasa swali la mtu anayesafiri. Nina harusi Masasi mwezi wa nne, naendesha mwenyewe gari dogo. Mnanishauri nini?

#18 Utingo Mstaafu

Mwezi wa nne? Harusi ya nani hiyo isiyo na wazee wa kushauri! Haya, sikiliza. Ondoka Dar saa kumi na moja alfajiri ili Kongowe uipite kabla foleni haijaamka. Jaza mafuta Kibiti, tena ujaze Nangurukuru hata kama tangi halijashuka sana. Kati ya Nangurukuru na Mchinga usitegemee kituo.

Usiku usipite kati ya Ndundu na Mbwemkuru kama mvua imenyesha, hata kama ya Dar imekatika. Mtoto wa Nandete na mwenye uzi wanabishana, lakini wote wamekwambia maji yanatoka mbali. Ukikuta maji yanavuka lami, simama. Usimfuate mwenye lori, yeye ana uzito na wewe una kigari cha plastiki. Subiri Somanga, kula samaki.

#19 Fundi Kalvati

Naongezea kwa mzee: ukiona lami imepasuka kwa mstari mrefu ukingoni sambamba na barabara, usipaki juu yake kupiga picha. Tuta limeanza kuondoka.

#20 Kijana wa Mavuji

Na Mingoyo kata kulia, Mangi, usipitilize kwenda Mtwara. Kuanzia hapo hadi Masasi ni kama kilometa 130, utapita Ndanda chini ya Uwanda wa Makonde. Ukiwa na muda wakati wa kurudi, ingia Kivinje saa moja tu, ni karibu sana na Nangurukuru. Mwenye picha za pantoni la zamani azitupie hapa, nitaziweka kwenye bandiko la kwanza.